Tundu Namba Tatu

Barua iliyomsimamisha Ruweyda kazi niliiandika mimi, na kabla ya kuipeleka niliipitia mara mbili nisije nikawa nimekosea herufi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nawajua watu wa Garissa. Ukiwaficha jambo watalichimba mpaka walipate, na wakishalipata watalitia chumvi.

Jina langu Nimo. Ni fundi wa mitambo katika redio ndogo ya jamii hapa mjini: studio, ofisi ya meneja, na chumba cha wageni chenye zulia na mito ya kuegemea. Kazi yenyewe inataka mtu wa shaka. Kila kitu kibovu kinacholetwa mezani kwangu huja na mtu anayeapa wallahi hakukigusa. Miaka kumi na moja ya viapo hivyo imenifundisha nisimwamini mtu kwa maneno matupu. Mume wangu husema hata nikiletewa chai nauliza kwanza aliyeipika ni nani. Si uongo, huuliza.

Kompyuta ya studio ni kuukuu. Zamani flashi za wageni zilikuwa zikiijaza virusi kila wiki, mpaka nikachoka, nikaifuta yote na kuiwekea Linux, mfumo wa bure ambao yeyote akitaka anaufungua na kuona ulivyoundwa. Niliupenda kwa hilo hasa, kwamba hauna kona ya giza. Shida ilikuwa matundu ya USB. Lilikuwa limebaki moja zima, kwa hiyo nikanunua kile kisanduku cha kugawa, chenye matundu manne, nikakifunga chini ya meza ya mtangazaji. Tundu la kwanza nikaliwekea kadi ya sauti, kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho maikrofoni zote hupitia. La pili kibodi, la nne kipanya.

La tatu lilibaki wazi. Wageni nao walikuwa wakinisumbua kila siku na simu zao zisizo na chaji, na chumba chao kina soketi moja tu ya ukutani, ambayo ni ya friji. Basi nikatoboa ukuta, nikapitisha waya mrefu mweupe kutoka tundu la tatu mpaka kwenye chumba cha wageni. Nikatangaza sheria: vitu vyote vya kuchaji vichomekwe hapa, soketi ya ukutani ni marufuku. Mumina, mama wa chai, nilimsomea sheria hiyo mara mbili, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimemkasirikia. Alikuwa ameingia na chetezo chake cha udongo kuwafukizia wageni uunsi, udi wetu wa Kisomali, kaa la moto likaanguka, zulia jipya likapata tundu la ukubwa wa kikombe.

"Makaa nisiyaone tena humu ndani," nilimwambia. "Ukitaka kufukiza, tafuta cha umeme."

"Haye," alisema Mumina. Ni mama wa Kiborana kutoka Wajir, na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini "haye" yake hueleweka na kila mtu.

Kumkataza asifukize kabisa nisingeweza, na hata nisingetaka. Mgeni wa heshima akiingia mahali huku kwetu asikutane na harufu ya uunsi, atakunywa chai yako na kuondoka akijua hukumtarajia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ng'ambo ya Hulugho kuna silanga moja, bwawa la kunyweshea mifugo, ambalo koo mbili zilikuwa zikiligombania tangu ukame. Kijana mmoja alikuwa ameshapigwa risasi ya mguu. Meneja wetu, Abdilatif, akaanzisha kipindi cha nusu saa ili pande zote mbili ziseme na zisikilizane. Upande wa Mzee Duale huja Garissa kila Jumatano kuuza mifugo, kwa hiyo baada ya sala ya alasiri walikuwa wakija wenyewe, wazee wanane hivi. Wawili waliingia studio kuzungumza, waliobaki walikaa chumba cha wageni wakisikiliza. Upande wa pili hauna safari za sokoni. Wao walibaki kulinda silanga na kupiga simu kila Jumatatu.

Mtangazaji wa siku zote mbili alikuwa Ruweyda, msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye sauti ambayo hata madereva wa malori hupunguza mwendo kuisikiliza. Baba yake hana upande katika ugomvi huo. Mama yake ni wa upande wa pili, ule wa simu. Kila mtu alilijua hilo, na mimi nililijua zaidi ya wote kwa sababu nililiweka kichwani.

Jumatano ya kwanza sauti ilikatika mara nane. Mzee Duale anafungua mdomo, anasema maneno kumi, kimya. Inarudi, anaanza upya, kimya. Nilibadilisha waya. Nilizima ule utaratibu wa kulaza vifaa ili kuokoa umeme. Nilikagua kiendeshi, ile programu inayoendesha kadi ya sauti, kiko sawa. Jumatatu upande wa pili ulipopiga simu, sauti ilikwenda nusu saa nzima bila kukwaruza. Jumatano ya pili, mara tisa.

Mzee Duale alitoka studio akasimama mbele ya Abdilatif. Hakupandisha sauti.

"Wakizungumza wao tunawasikia mpaka wanapokohoa," alisema kwa Kisomali. "Tukizungumza sisi mnatuziba mdomo. Tutakuja mara moja zaidi, kwa heshima yako tu."

Jioni hiyo Ruweyda alinijia nikiwa nimelala chini ya meza na tochi.

"Nimo abaayo, dada yangu, kila ikikatika nasikia harufu ya uunsi. Inaingia na hewa ya kiyoyozi. Hebu angalia."

"Tangu lini uunsi ukachomoa waya?" nilimjibu. Akaenda zake. Nilimsindikiza kwa macho, nikajiuliza mbona ana haraka ya kunitafutia sababu.

Uzuri wa Linux ni kwamba huandika kila kitu. Kifaa kikichomekwa au kikichomoka, inaandika saa, dakika na sekunde. Nilifungua dmesg, kumbukumbu za mfumo, zikaja kurasa na kurasa. Nani ana muda wa kusoma yote hayo? Nikaiambia mashine inionyeshe mistari ya kadi ya sauti peke yake. Ikanionyesha: kifaa kimetoka, kifaa kimerudi, kifaa kimetoka. Mara tisa Jumatano hiyo, na sekunde zake.

Kimetoka. Niliona neno hilo nikaona mkono wa mtu.

Jumatano ya tatu nilijifungia studio, nikakaa kwenye kiti nyuma ya Ruweyda. Wazee walipowasili nilisikia vishindo vyao na kicheko cha Mumina akiwakaribisha chumba cha pili, lakini sikutoka. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vya Ruweyda. Alikuwa amevaa ndara zenye kamba ndefu, na kisanduku changu kiko chini ya meza hiyohiyo. Dakika ya nne sauti ikafa. Mguu wake ulitikisika. Dakika ya saba ikafa tena, mguu ukatikisika tena. Waya sikuuona ukichomoka, meza ilikuwa imeziba. Niliuona mguu. Leo najua kwamba hata wangu ungetikisika kama ningekuwa hewani na wazee wawili wananiangalia kama mwizi. Siku hiyo sikujua, au sikutaka kujua.

Mzee Duale alivua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani polepole, akatoka na watu wake. Kesho yake soko zima lilikuwa na habari: binti wa mama fulani anawakata wazee kwa ajili ya wajomba zake.

Abdilatif aliniita ofisini. "Una hakika?"

"Mashine haina ukoo," nilimjibu. "Imeandika yenyewe."

Nikaandika barua. Kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, kukatika kwa sauti kumesababishwa na mkono wa mtu aliyekuwa karibu na meza ya mtangazaji. Sikutaja jina. Meza ya mtangazaji ina mtu mmoja tu. Ruweyda alipopewa nakala aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Hakulia wala hakuapa wallahi. Mimi nikalihesabu hilo kuwa ushahidi mwingine.

Abdilatif alikwenda mwenyewe nyumbani kwa jamaa za Mzee Duale kuwabembeleza warudi mara moja ya mwisho, akiwaambia mkosaji ameshaondolewa. Walikubali. Jumatano ya nne kipindi kilishikwa na Mustafe, msomaji wetu wa habari. Ruweyda alikuwa kwa shangazi yake Hagadera, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Wazee wakaja, wakakaribishwa. Mustafe akawasha maikrofoni, Mzee Duale akasema bismillahi.

Dakika ya nne, kimya.

Na unajua nilifikiria nini? Hata hapo sikufikiria kwamba nimekosea. Nilifikiria: ameacha kitu. Ametega kidude mahali, kinafanya kazi yake huku yeye yuko mbali amestarehe. Sauti iliporudi nilivuta kibodi, nikafungua kumbukumbu zote, safari hii bila kuchuja, nikimtafuta Ruweyda ndani yake.

Juu kidogo ya mstari wa kadi ya sauti kulikuwa na mstari mwingine: umeme umezidi kiwango, tundu namba tatu. Halafu kisanduku kizima kimezima, na kadi ya sauti, kibodi na kipanya vikafa pamoja nacho. Kadi ilikuwa imetoka, ndiyo, lakini ilitolewa na kukosa umeme. Nilirudi nyuma kwenye Jumatano ya tatu. Mstari ule upo. Ya pili, upo. Ya kwanza, upo. Ulikuwepo siku zote, juu tu ya mistari niliyoichagua.

Nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Simu ya mgeni ikichomekwa tundu la tatu hujitaja, jina lake na kampuni yake. Sasa tundu la tatu halikuwa na jina lolote. Kulikuwa na kitu kinanyonya umeme bila kujitambulisha. Nilijua nimekamata kinasa sauti au balaa jingine la aina hiyo, na nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Sauti ikakatika tena. Nilishika waya mweupe nikaufuata kwa vidole. Ulipita nyuma ya kabati, ukaingia kwenye kitobo cha ukuta. Nikatoka studio karibu nikimbie, nikasukuma mlango wa chumba cha wageni.

Wazee sita walikuwa wameegemea mito, na chumba kizima kinanukia. Mbele yao alipiga magoti Mumina. Alikuwa ameshika chetezo kidogo cha rangi ya dhahabu, cha umeme, kutoka Dubai, akikipitisha taratibu chini ya shali ya mzee mmoja baada ya mwingine. Mkiani mwa chetezo kulikuwa na waya wangu mweupe.

"Mumina," nilisema, "hicho ni nini?"

Alinitazama akiwa na furaha ya mtu anayengoja kusifiwa. "Ni dabqaad ya umeme. Si wewe umesema? Makaa hapana, tafuta ya umeme. Mimi natafuta sokoni Suuq Mugdi siku mbili. Ukutani marufuku, umesema, kila kitu weka hii waya nyeupe. Mimi naweka hii waya nyeupe." Akainua kidole. "Hii ni wageni kubwa. Ya simu hawaji, hao hawana uunsi. Hii wazee natoka mbali, mimi nafukiza mpaka maliza kusema."

Nilikichomoa. Kupitia ukuta nikasikia sauti ya Mzee Duale inarudi, nzima, ikaendelea mpaka mwisho wa kipindi. Nilibaki nimesimama pale na chetezo kikinichoma vidole. Kila walipokuja kuzungumza, tuliwapokea kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa inawakata. Sheria zilizofanya hivyo zilikuwa zangu, moja baada ya nyingine, na msichana aliyeniambia kuna harufu ya uunsi nilimwandikia barua.

Abdilatif alipopata habari alishika kichwa, halafu akapumua. "Alhamdulillahi, ni kitu kidogo. Tutasema ilikuwa hitilafu ya umeme. Ruweyda arudi kesho, yaishe."

Nami, nasema kweli, nilifurahi kusikia hivyo. Hitilafu ya umeme haina jina la mtu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Hagadera. Ruweyda alikuwa uani kwa shangazi yake, anaanika nguo. Nilimweleza yote, kisanduku, waya, chetezo, na jinsi Abdilatif alivyopanga kutangaza. Alinisikiliza huku akibana nguo moja moja kwenye kamba.

"Kwa hiyo mimi nilitajwa soko zima," alisema, "na wewe utaitwa umeme."

Nilishika nguo iliyofuata kumsaidia, akaichukua mkononi mwangu.

"Uliniambia maneno gani nilipokwambia kuhusu uunsi?"

"Nilikudharau."

"Na ulimwambia nini meneja? Mustafe alinisimulia." Aligeuka, kibanio mkononi. "Mashine haina ukoo. Sawa, abaayo, mashine haina. Wewe ulipokaa nyuma yangu unatazama miguu yangu, ulikuwa unatazama miguu ya nani? Yangu, au ya wajomba zangu?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi humshuku kila mtu, bila ubaguzi, hata anayenipikia chai. Lakini nilikumbuka kwamba Mumina sikumshuku, wala Mustafe, wala Abdilatif mwenye ufunguo wa milango yote. Nilikuwa na shaka nyingi, na zote nilizipeleka kwa mtu mmoja.

"Wajomba zako," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. "Basi yaseme hayo mahali nilipochafuliwa."

Jumatano ya tano niliomba dakika tano za kwanza za kipindi. Sijawahi kuzungumza redioni. Kazi yangu ni kuwafanya wengine wasikike. Mustafe alinisogezea maikrofoni, Mzee Duale ameketi mbele yangu, na chumba cha pili hakikuwa na kitu kwenye waya mweupe, maana nilikuwa nimeung'oa kwa mikono yangu. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nikasema ni nani aliyeweka waya, nani aliyetoa amri, nani aliyesoma kumbukumbu nusu na kuandika barua nzima. Nikasema kwa nini nilimfikiria Ruweyda. Sehemu hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, niliomba mitambo ikatike. Haikukatika.

Nilipomaliza, Mzee Duale aliiweka tasbihi yake mezani.

"Tulimlaani binti wa watu," alisema, hewani. "Sokoni, mbele ya watoto. Sikutumwa na mashine mimi, nilikwenda mwenyewe." Kisha akamgeukia Mustafe. "Mna namba yake ya simu? Mpigieni sasa hivi, Garissa yote inasikia."

Walimpigia. Ruweyda alipokea mlio wa kwanza. Alikuwa anasikiliza. Mzee alimwomba radhi kwa jina lake na la mama yake, na yeye akajibu kwa sauti ileile ya kazi, iliyotulia, kwamba amesamehe, na kwamba Jumatatu atakuwa mezani kwake, inshallah.

Alirudi kweli. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akaketi, akavuta maikrofoni. Nilivuta kiti changu cha nyuma nikae kama kawaida.

"Nimo," alisema bila kugeuka. "Mitambo iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi kaa nje."

Tangu siku hiyo, kipindi cha Ruweyda kikianza natoka. Mumina hufukiza barazani sasa, kwa makaa, mbali na waya zangu zote, na mimi hukaa naye juu ya jamvi na redio ndogo ya betri. Sauti haijakatika hata mara moja. Bado huwa naisubiri dakika ya nne, natega sikio, na ikipita salama namwona Mumina ananitazama kwa jicho la pembeni huku akinimiminia chai. Siku hizi simuulizi nani aliyeipika.